Kidonge cha Piriton mkononi mwako: namna ya kukisoma, kukitunza na kukimeza

"Dokta, nipe vile vya njano, vya mia tano."

Anayesema ni mvuvi wa dagaa, ametokea soko la samaki la Mwaloni, macho yamemvimba na pua inamchuruzika. Vile vya njano anavyotaka ni Piriton, dawa ya aleji. Jana usiku walikuwa ziwani, taa zimewaka, na vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi vikawafunika wao na mtumbwi wao. Kwa watu wengine vidudu vile ni kero ya kawaida tu. Kwake ni chafya mpaka asubuhi. Nachukua kibahasha, naanza kuhesabu, huku namuuliza:

"Kaka, leo unaingia tena?"

"Saa moja jioni, dokta."

Hapo naacha kuhesabu.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Kirumba, ila Mwanza kila anayesimama nyuma ya kaunta yenye dawa ni dokta, na ubishi huo nimeshauacha. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia watu kama yule kaka, pamoja na yale ambayo foleni hainiruhusu kuyamaliza. Maonyo yote yaliyoandikwa kwenye boksi la Piriton, kwamba uiweke mbali na mwanga, usiendeshe chombo, usichanganye na pombe, yanatokana na tabia za ule unga wenyewe: umeumbwaje, unayeyukaje, unaogopa nini na unapenda kukaa wapi. Ukizijua tabia zake, maonyo hayo huna haja ya kuyakariri.

Hatua ya 1: Soma jina la herufi ndogo

Piriton ni jina la biashara. Watu wamelizoea hadi limekuwa jina la kila kidonge cha aleji. Jina la dawa yenyewe liko chini yake kwa herufi ndogo: klorofeniramini maleati. Boksi lingine litasema klorofenamini. Ni dawa ileile yenye majina mawili, kwa hiyo usimeze hii ya asubuhi na ile ya jioni ukidhani umetibiwa na dawa tofauti.

Ukikuta jina limeanza na "deksi", simama kidogo. Molekuli za klorofeniramini ziko za namna mbili, zinafanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto, na kwa sehemu kubwa kazi inafanywa na namna moja tu. Kidonge cha kawaida cha miligramu 4 kina zote mbili nusu kwa nusu. Deksiklorofeniramini ni ile inayofanya kazi peke yake, ndiyo maana kidonge chake ni cha miligramu 2 na nguvu ni ileile. Mtu akiona "2" akameza viwili ili vifike "4", amejipa dozi mbili.

Halafu kuna neno "maleati", ambalo karibu kila mtu analiruka. Klorofeniramini ikiwa peke yake ni kimiminika chenye asili ya mafuta. Kuipima na kuigandamiza iwe kidonge ni tabu, na majini haiyeyuki vizuri. Wakemia wakaifunga pamoja na asidi ya maleiki, zikatoa chumvi. Si chumvi ya kutia kwenye ugali wa mtoto. Kwa lugha ya kemia, chumvi ni chochote kinachozaliwa asidi na besi, yaani kinyume cha asidi, zikikutana. Chumvi hiyo ni unga mweupe wa fuwele, hauna harufu, mchungu, na unayeyuka majini upesi. Ukipiga hesabu ya uzito wa molekuli, dawa ni 274.8 na asidi ni 116.1, jumla 390.9. Maana yake katika miligramu 4 zilizoandikwa kwenye boksi, klorofeniramini yenyewe ni kama 2.8 na zilizobaki ni asidi iliyoibeba. Hilo lisikusumbue kwenye dozi, kwani dozi zote zimepangwa kwa uzito wa chumvi.

Kitu cha kutafuta kwa makini zaidi ni jina hilo kwenye vidonge vya mafua vya mchanganyiko. Vingi vina parasetamoli, dawa ya kuzibua pua, na klorofeniramini ndani yake. Mtu ananunua hivyo kwangu, anavuka barabara ananunua Piriton, usiku anameza vyote, kesho anashangaa kwa nini amelala mpaka saa tano.

Hatua ya 2: Kitazame kabla hujakiamini

Rangi ya njano ni rangi tu. Unga wa dawa ni mweupe, kiwanda ndicho kilichoutia rangi, na kiwanda kingine hakikutia, kwa hiyo Piriton nyeupe si feki kwa sababu ya weupe wake. Vilevile "vile vya njano" si jina la dawa. Vidonge vya foliki asidi anavyopewa mama mjamzito kliniki navyo ni vidogo na vya njano, na nyumba nyingi vinakaa kwenye droo moja na Piriton, vyote bila boksi. Nimeshaletewa vibahasha viwili vilivyofanana hivyo, mwenyewe akitaka nimtenganishie. Kwa macho sikuweza. Tulivitupa vyote.

Kidonge kizima kina kingo zilizokaza, hakiachi unga mwingi kidoleni, na rangi yake ni moja pande zote. Kilichopata unyevu huvimba, hulegea, huwa na madoa, au hushikana na mwenzake. Ukiona hivyo, usikimeze.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la glasi

Hili nalipenda, na halina gharama. Chukua kidonge kimoja ambacho hutakimeza. Weka maji ya kawaida kwenye glasi safi, kidogo tu, kina cha vidole viwili. Kidondoshe. Usikoroge.

Kwanza vinatoka viputo vidogo pembeni, kidonge kinaanza kunyonya maji. Kisha kinatanuka, kingo zinaachia, kinamomonyoka kama tofali bichi lililonyeshewa. Baada ya muda una kirundo cha unga chini ya glasi na maji yaliyofifia rangi juu. Mtu wa kawaida atasema, "Dawa imezama chini." Ni kinyume chake. Ule unga wa chini ni wanga na vijazio vingine vya kiwandani, vitu vilivyowekwa ili kidonge kishikike mkononi na kisambaratike tumboni. Dawa yenyewe haionekani. Iko ndani ya maji.

Gramu moja ya klorofeniramini maleati inatosheka na takribani mililita 4 za maji kuyeyuka. Sasa gawanya: dozi ya miligramu 4 inahitaji maji ambayo ni sehemu tu ya tone. Tone moja linalodondoka kutoka kwenye bomba la jikoni lingeweza kubeba dawa ya vidonge vitatu. Kwa hiyo ukisaga kidonge, ukakoroga majini, ukamnywesha mtoto maji ya juu na kuacha machicha, usidhani umempa "nusu". Umempa karibu yote. Na ukimwachia mdogo wake amalizie machicha, huyo hukumpa kitu cha maana, ila hujui ni kiasi gani. Usigawe dozi kwa kusaga na kukadiria.

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, kwa sababu barafu inayeyuka na sukari nayo inayeyuka, neno ni moja na mambo ni mawili. Sukari inahitaji maji, barafu inahitaji joto. Klorofeniramini maleati kwa namna ya sukari inayeyuka upesi mno. Kwa namna ya barafu ni ngumu: unga wake hauyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 130 hadi 135 za Selsiasi. Hakuna duka Mwanza, hata lenye bati la geji 32 lisilo na dari, linalofika huko. Wengi wanatumia hilo kujifariji: "Mbona havijayeyuka?" Havitayeyuka. Vitaharibika huku vimekauka vizuri kabisa, umbo zuri, rangi nzuri.

Hatua ya 4: Kitunze ukijua maadui zake

Maadui ni watatu, joto, unyevu na mwanga, na kando ya ziwa wote wanaishi na sisi.

Boksi nyingi zimeandikwa "hifadhi chini ya nyuzi 30". Kipimajoto cha ukutani dukani kwangu kimeshawahi kusoma 33 saa nane mchana, siku isiyo na upepo wa ziwa, na hapo feni inazunguka. Rafu ya juu kabisa, karibu na bati, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu joto linapanda. Dawa zangu nazishusha rafu za katikati. Nyumbani fanya hivyohivyo: si juu ya kabati, si dirishani, si jikoni karibu na jiko la mkaa, si bafuni. Droo ya chumbani yenye kivuli inatosha. Friji haihitajiki. Kidonge kikitoka kwenye baridi kwenda kwenye hewa yetu yenye unyevunyevu, maji yanakitokea juu kama yanavyotokea kwenye chupa ya soda.

Kuhusu unyevu, wavuvi ndio wananiumiza kichwa. Kidonge kinatolewa kwenye kopo la elfu moja, kinaingia kwenye kibahasha cha plastiki, kibahasha kinaingia mfuko wa kaptula, kaptula inaingia ziwani. Anayekwenda kambini kisiwa cha Ukara au Kome akakae wiki tatu, namshauri anunue vya stripu, vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya aluminiamu. Bei inazidi kidogo. Asivitoboe vyote siku ya kwanza ili "vikae tayari". Ukinunua kopo zima, kale kamfuko ka punje kaliko ndani kaache humo humo, kazi yake ni kunyonya unyevu. Hakaliwi.

Mwanga ni adui asiyeaminiwa, maana hauonekani ukifanya kazi. Ndiyo sababu dawa ya maji inauzwa kwenye chupa ya kahawia, na ndiyo sababu usiihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa kuwa ile ya kahawia kifuniko chake kimepotea.

Anayetaka kuona kwa macho kinachofanywa na hewa na unyevu, akamtazame ndugu wa Piriton aitwaye prometazini. Naye ni antihistamini, yaani dawa ya aleji, inayolaza, tena inalaza zaidi, lakini ukoo wake ni mwingine: ndani ya molekuli yake kuna atomu ya salfa iliyofungwa katikati ya pete. Unga wake ni mweupe au wa manjano hafifu. Ukikaa na hewa muda mrefu unaungana na oksijeni taratibu na kugeuka bluu. Nilipoanza kazi hii, katika duka nililoajiriwa kabla ya hapa, siku ya kuhesabu mali nilipanda kwenye stuli nikashusha kopo lililosahaulika nyuma ya rafu ya juu. Kifuniko kilikuwa hakijakazwa. Nilimimina vidonge kwenye trei nyeupe. Vya juu vilikuwa na ubluu kama wa wino uliofuliwa ukabaki, umeingia zaidi kwenye zile sehemu zilizochubuka, na vya chini vilikuwa bado na weupe wake. Tarehe ya kuisha muda ilikuwa bado miezi saba. Tarehe ile inahesabiwa kwa kopo lililofungwa na kutunzwa kama lilivyoagizwa. Aliyeacha kifuniko wazi alikuwa mimi.

Tahadhari moja: viwanda vingine huvipaka vidonge vya prometazini rangi ya bluu makusudi. Kwa hiyo cha kutilia shaka ni rangi kubadilika, au madoa, au vidonge vya kopo moja kutofanana.

Hatua ya 5: Elewa kwa nini kinalaza

Histamini ina kazi nyingi mwilini. Puani na kwenye ngozi ndiyo inayoleta chafya, kuwashwa na kuvimba pale mwili unapokasirikia vumbi, vidudu au chakula. Kwenye ubongo histamini hiyohiyo ni mlinzi wa zamu, ndiyo inayokuweka macho. Kote huko inafanya kazi kwa kukaa kwenye kiti chake. Klorofeniramini inawahi kiti. Ikikalia cha puani, chafya zinakoma. Ikikalia cha ubongoni, kope zinashuka.

Swali ni imefikaje ubongoni. Mishipa ya damu ya ubongo imezibwa vizuri, na vitu vilivyo na chaji ya umeme vinakataliwa mlangoni, ila vinavyopenda mafuta vinapita. Klorofeniramini ni besi. Ndani ya damu, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi, ni 7.4, molekuli nyingi zimebeba chaji, na katika kila mia ni moja au mbili tu zisizo nayo. Lakini hizo chache zinapenda mafuta kuliko maji kwa zaidi ya mara elfu, zinajipenyeza, na kila zinapopenya, nyingine kwenye damu zinavua chaji zao kuziba pengo. Mlango haufunguki wote, ila haufungwi kamwe. Kwa hiyo dawa hii ina sura mbili: kama chumvi inayeyuka majini na kufika kwenye damu upesi, kama besi iliyovua chaji inaingia kwenye mafuta na kufika kichwani.

Setirizini na loratadini, antihistamini za kizazi cha baadaye, zinafika kichwani kidogo sana. Setirizini molekuli yake ina chaji ya pande mbili kwa pamoja, na ikijaribu kuingia ubongoni kuna pampu mlangoni zinairudisha. Watu wachache husinzia hata kwa hiyo, kwa hiyo ijaribu kwanza siku ambayo huna chombo cha kuendesha.

Watu hudhani usingizi ni dalili kwamba "dawa imeshika". Siyo. Usingizi na kupona mafua havitegemeani. Kama hukusinzia na chafya zimekoma, umepona kwa bei nafuu.

(Dawa hizi zina umri kuliko wengi wetu. Daniel Bovet na wenzake Ufaransa walionyesha mwaka 1937 kwamba histamini inaweza kuzuiwa kwa dawa, na mwaka 1957 akapewa Tuzo ya Nobel. Wazee wa hapa wana kumbukumbu yao wenyewe: enzi za klorokwini, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001, mgonjwa wa malaria alipewa na Piriton juu yake kwa sababu ya ule muwasho wa kujikuna usiku kucha. Ndiyo maana mpaka leo kuna mzee atakuja na homa akaomba Piriton. Haitibu malaria, haijawahi. Kapime kwanza.)

Hatua ya 6: Pima dozi, usikadirie

Mtu mzima: kidonge kimoja cha miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi sita ndani ya saa 24. Mzee asizidi vitatu, na ni bora aulize kwanza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12: nusu kidonge, yaani miligramu 2, jumla isizidi miligramu 12 kwa siku. Mtoto wa miaka 2 hadi 5: miligramu 1 ya dawa ya maji, isizidi 6 kwa siku, na iwe kwa ajili ya aleji, si kwa kikohozi na mafua. Chini ya miaka 2, mpeleke kwa daktari, usije kwangu. Prometazini kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni marufuku, inaweza kumkatia pumzi.

Kuhusu kumpa mtoto mchanga kijiko ili alale mama afanye kazi, naombwa hilo kila mwezi. Hapana.

Dawa ya maji mara nyingi ina miligramu 2 katika mililita 5. Isome chupa yako, kisha tumia kikombe kilichokuja nayo au bomba la plastiki lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havina kipimo kimoja. Kijiko cha chakula cha mililita 15 kingempa mtoto miligramu 6, zaidi ya kidonge kizima cha baba yake.

Na kile kiandiko chetu cha kwenye kibahasha, "1 x 3", kinamaanisha kimoja, mara tatu kwa siku. Naandika siku hizi na kutamka: "Mama, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku." Zamani nilikuwa naandika tu, mpaka bibi mmoja wa Igoma akarudi kuniambia vile vitatu vya pamoja vilimwangusha kwenye kiti.

Hatua ya 7: Hesabu saa zako kabla ya kumeza

Turudi kwa yule kaka. Ahueni ya kidonge kimoja inadumu saa 4 hadi 6. Dawa yenyewe haiondoki kwa saa hizo. Kwa mtu mzima inachukua takribani saa 20 kwa nusu yake kutoka kwenye damu, na kuna ambao inachukua zaidi. Umeze saa mbili usiku, kesho yake saa kumi jioni nusu bado inazunguka. Chafya zinarudi, usingizi haujaondoka. Ukimeza kingine juu yake, vinarundikana.

Sasa uwe ukingoni mwa mtumbwi usiku, ukivuta wavu, kichwa kizito, mawimbi nje ya ghuba. Au uwe bodaboda Buzuruga pale magari yanapobanana. Au fundi juu ya kenchi. Kwa watu hao siuzi Piriton ya mchana bila kuuliza, na mara nyingi nawapa loratadini. Yule kaka alilalamika bei, akachukua vidonge viwili. Akitaka Piriton kwa lazima, aimeze akishatoka ziwani, siku ambayo jioni harudi. Mara nyingi wakati huo ni mwezi mpevu, ambapo taa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika.

Hatua ya 8: Angalia unavyovichanganya

Pombe ni ya kwanza, iwe bia au gongo. Kila kimoja kinabonyeza ubongo upande wake na kwa pamoja vinaweza kukuzimia pumzi. Dawa za usingizi na dawa za kikohozi zenye kodeini, hivyohivyo. Anayetumia fenitoini ya kifafa aseme, kwani klorofeniramini inaweza kuipandisha kwenye damu.

Piriton inakalia pia viti visivyokuwa vyake, vile vya mate, kibofu, utumbo na jicho. Mdomo mkavu ni kidogo. Mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kabisa kukojoa, na mwenye presha ya macho ikampanda. Mzee akija namwamkia, kisha namuuliza kwa sauti ya chini kuhusu mkojo. Wanajibu, ukiuliza kwa heshima.

Prometazini ina la ziada: inaifanya ngozi iungue na jua upesi. Na sindano yake ni ya hospitalini peke yake. Ni maji yenye uasidi yanayounguza nyama, yakiingia kwenye ateri kwa bahati mbaya mtu anaweza kupoteza vidole. Akitokea mtu wa kukuchomea nyuma ya duka, ondoka.

Hatua ya 9: Jua pale kidonge kisipotosha

Kidonge kinahitaji nusu saa hadi saa nzima kuanza kazi. Aliyeumwa na nyuki, au amekula kitu, midomo ikavimba, sauti ikakwaruza, kifua kikabana, akaishiwa nguvu, hana nusu saa. Anahitaji sindano ya adrenalini. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, kwa pikipiki au kwa mtumbwi wa mashine, msisubiri Piriton imshike, na akiishiwa nguvu mlaze chini miguu juu.

Kuna aleji moja ambayo si aleji. Samaki kama jodari au vibua akikaa bila barafu, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama yake. Unakula histamini iliyokwisha kuiva: uso mwekundu, kichwa, muwasho, kuhara. Kumkaanga hakusaidii, maana histamini inastahimili moto wa jikoni. Antihistamini inasaidia dalili, ila samaki yule mtupeni, na mkahawa uambiwe.

Mtoto akibugia chupa nzima, usitegemee kumwona amelala. Watoto mara nyingi hufanya kinyume: anahangaika, ngozi moto na nyekundu, mboni za macho zimepanuka, anaweza kupata degedege. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa. Mbebe yeye na chupa, tupu au yenye kitu, mwende hospitali. Chupa ndiyo itakayomwambia daktari ni miligramu ngapi.

Hatua ya 10: Vilivyobaki na vilivyoharibika

Usivimwage chooni wala kwenye mtaro. Kumbuka lile jaribio la glasi: tone moja linabeba vidonge vitatu, na mitaro ya Mwanza inashuka ziwani, ziwa ambalo maji ya bomba yanavutwa kutoka Capri Point. Usivitupe jalalani vikiwa vizima, watoto wanaokota. Viache kwenye boksi lake, vilete duka la dawa au zahanati. Sisi tunavitenga na kuviorodhesha mpaka taratibu za kuviteketeza zifuatwe. Lete mchana, asubuhi nina foleni.